Pombe Yake Isiitwe Maji

Tulimwita Mpishi. Wazazi wake na kijiji alichotoka wapo wanaovijua kuliko mimi, na wakitaka watavieleza. Mimi namjua kwa mdomo wake, hasira yake na chungu chake, na hivyo vitatu vinanitosha. Nyumba yake ilikuwa juu ya njia iendayo Soni, na yetu chini yake kidogo. Kwa miaka yote ya ujirani huo sikumsikia mtu akimwita jina jingine, ila mkewe, ambaye alimwita "wewe".

Watu wanasema alikuwa mkorofi. Ni kweli. Lakini wanalisema kama mtu anayefunga mlango, ili maneno yaishe, na hilo linaniudhi. Kama alikuwa mkorofi, basi waseme alikuwa mkorofi juu ya nini. Hawasemi, kwa sababu wakianza kusema itabidi wajitaje na wao.

Hasira yake iliamka pamoja naye. Ilianza na moto: nani kaleta kuni mbichi? Kisha ikahamia kwenye visu. Mpishi hakuweza kuona kisu butu katika nyumba ya mtu akanyamaza. Angekuja kwetu kusalimu, mama angempa kigoda, na kabla hajakaa angeokota kisu chetu na kukipitisha kwenye kidole.

"Hiki mnakatia nini, uji?"

Hapo angetoka nje, atafute jiwe, anoe huku akitutukana mpaka jua lipande. Siku moja alikinoa kikawa kikali kiasi kwamba mama alijikata jioni ile ile, na kesho yake Mpishi akaja kumgombeza kwa kujikata. Mbuzi aliwatukana kwa Kishambaa, watu kwa Kiswahili, na Kiingereza kidogo alichokuwa nacho alikiweka kwa ajili ya mbwa.

Tena mtu huyo huyo hakumwacha mwanamke apande mlima na mzigo wa kuni mbele yake. Aliunyang'anya, akaubeba yeye, na njia nzima akamlaumu kwamba ameufunga vibaya. Walevi aliwachukia. Lakini mlevi akilala njiani wakati wa baridi, Mpishi ndiye aliyemkokota mpaka kwenye moto wake, akamfunika kwa blanketi lake mwenyewe na kumwita nguruwe.

Sasa niseme habari ya chungu.

Kwetu pombe ni boha, pombe ya miwa. Miwa inamenywa, inatwangwa, inakamuliwa, na maji yake yanawekwa karibu na moto pamoja na tunda kavu la mwegea, ambalo huamsha povu. Ikikaa vizuri inakuwa tamu na kali, na mtu mzima akinywa kibuyu kimoja anaanza kuwasamehe wadeni wake. Boha ndiyo inayooa, ndiyo inayozika, na ndiyo inayolima. Nasema inalima kwa sababu mwenye shamba kubwa akitaka kulimiwa huita ngemo: anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, wanafanya kazi siku nzima, wanakunywa. Hakuna ngemo bila pombe. Ukiita watu ukawapa chakula peke yake, watakula, watakushukuru, na jembe hutaliona.

Mpishi alikuwa na maneno yake juu ya boha kali. "Hiyo ni kazi rahisi," alisema. "Hata mpumbavu akisahau maji ya miwa karibu na moto, Mungu atampikia. Ukali ni kelele. Kwenye kelele nani atasikia kwamba umeimba vibaya?"

Yeye alitaka kupika pombe isiyo na kelele. Pombe chungu, nyepesi, ambayo mtu angeinywa tangu asubuhi mpaka jioni, alime, ashuke mlimani kwa miguu yake mwenyewe, na bado aseme amekunywa pombe na si kitu kingine. Ukisoma hapa utadhani ni jambo dogo. Lilimgharimu shamba na kiti chake kanisani, likamtia na kifungoni.

Uchungu alijifunza wapi? Alinieleza mwenyewe, tukiwa tunamenya miwa. Zamani alipika kwa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Lushoto. Mzungu huyo kila jioni aliketi barazani na chupa moja ya bia. Alimaliza chupa, akasimama, akaenda kukagua mazizi, hakuyumba. Chini ya chupa alibakisha kidogo, na chupa zilirudi jikoni.

"Nikaonja," Mpishi alisema. "Chungu kama dawa ya homa! Nikasema huyu mtu ana wazimu. Siku ya pili nikaonja tena, nione kama wazimu wake umepungua. Siku ya tatu nikajikuta naingoja chupa kama kuku anavyongoja makapi."

"Ikawaje, Mpishi?"

"Akanikuta. Chupa mdomoni. Akanifukuza siku ile ile." Alikata muwa kwa nguvu hata kipande kikaruka. "Masazo ya sahani nilikuwa nakula mbele yake kila siku, hakusema neno. Nyama yake nimekula, mkate wake nimekula. Kwa funda lile moja akaniambia sheria hairuhusu, pombe ile ni kali mno kwa kichwa cha mtu mweusi. Kali! Mimi niliyekunywa boha ya harusi tatu nikarudi nyumbani nimebeba mtungi! Ile pombe yake haikuweza kumlewesha nzi."

Hapo ndipo hasira yake kubwa ilipokuwa na mizizi. Hakukasirika kwa kufukuzwa. Alikasirika kwamba kitu chepesi na kichungu, kikiwa ndani ya chupa ya Mzungu, kilikuwa pombe kiasi cha kutungiwa sheria.

Lakini hakuanza kupika ya kwake mpaka siku ya ngemo ya mchonga mizinga. Huyo ni jirani wetu mwingine, mtu wa mzaha, anayechonga mizinga ya nyuki. Boha yake ya siku hiyo ilikuwa kali, na jua halijafika utosini kijana mmoja aliinua jembe akalishusha kwenye mguu wa mwenzake. Niliona mfupa. Mpishi alimbeba majeruhi mgongoni mpaka hospitali, akarudi shati limekakamaa kwa damu, akaingia nyumbani kwake na kupasua vibuyu vyote vya boha alivyokuwa amevitayarisha. Jumapili mwinjilisti alifurahi, akamwomba asimame mbele ya watu ashuhudie kwamba ameacha pombe.

"Sijaacha pombe," Mpishi alisema, na alisema kwa sauti kanisani. "Nimeacha ukali."

Pombe yake ya kwanza ilikuwa mbaya. Nataka kusema kweli, maana wanaomsifu sasa wanasema ilikuwa nzuri tangu mwanzo, na wanaomdharau wanasema haikuwa nzuri kamwe, na wote wawili wanasema uongo. Alichukua makapi ya miwa yaliyokwisha kukamuliwa, akayatia maji, akayakamua mara ya pili ili utamu uwe mdogo, akachemsha gome chungu la mti wa bondeni akachanganya. Akanipa kata. Namna yake ya kumpa mtu kata ilikuwa hii: hakuiachia. Alishika mpini, wewe ukanywa, na macho yake yakiwa kwenye koo lako.

Nilikunywa. Ilikuwa kama kulamba mlango.

Mimi si msemaji. Mbele ya watu wazima maneno yangu hukwama, na Mpishi alilijua hilo, ndiyo maana alitazama koo badala ya kungoja jibu.

"Mbaya," alisema. "Naona. Uchungu bila mwili ni dawa."

Basi akatafuta mwili. Alikaanga mahindi yaliyoota mpaka yakanuka kama ganda la mkate, akayasaga, akapika uji mwepesi akautia ndani. Ikawa nzito mno. Akapunguza. Akajaribu ndizi mbivu, ikawa tamu kama ya watoto, akaitupa, na kuku waliokula makapi yale alituambia wana akili kuliko yeye. Gome alilichemsha muda mrefu, likamshinda. Akalichemsha kidogo, akaliongeza mwishoni pombe ikiwa imepoa, na hapo harufu ikabaki, harufu ya msitu baada ya mvua. Mkewe alikuwa akitoka jikoni na kunikuta nimekaa.

"Umekuja tena kumtazama? Mume wangu ameoa kata. Mimi nimebaki shemeji."

"Nyamaza, nahesabu uchungu," Mpishi alisema.

"Uhesabu na viazi. Havijamenywa."

Nilikuwapo siku ilipokubali. Ilianza na utamu mdogo, wa kuonyesha tu kwamba miwa ilipita. Kisha mahindi yale yaliyokaangwa. Kisha uchungu ukaja, ukasimama kidogo, ukapita, na mdomo ukabaki safi ukitaka tena. Hakuna kitu kilichomkanyaga mwenzake. Nilikunywa kata ya pili bila kuambiwa, na Mpishi, kwa mara ya kwanza, aliuachia mpini.

"Pombe kali huficha makosa ya mpishi," alisema. "Hii haina pa kujificha. Ukikosea kidogo, umesimama uchi sokoni."

Sasa nifike kwenye yale yanayoniudhi.

Ilikuwa wakati wa amri ya matuta. Kila mwenye shamba kwenye mteremko alitakiwa kuchimba matuta kukinga udongo, na asiyechimba kabla ya mvua aliitwa barazani. Shamba la Mpishi lilikuwa na mteremko mkali, na yeye na mkewe walikuwa na mikono minne tu. Akaita ngemo. Watu wakaja wengi, majembe begani.

Kwa desturi yetu, mtu mmoja mwenye heshima huonja kwanza na kutangaza. Akisema pombe ipo, watu wanaingia shambani. Siku zote mwonjaji wa upande wetu alikuwa baba yangu. Mpishi alimpa kata, akashika mpini, akatazama koo.

Baba alikunywa yote. Akajifuta midomo. Nilimwona akiipenda, namjua baba yangu, akipenda kitu hupepesa macho.

"Ni nzuri, Mpishi," alisema. "Ni maji mazuri sana."

Watu wakacheka. Mchonga mizinga akaomba kata naye, akanywa, akajishika tumbo. "Jamani, tumekuja kulima au kubatizwa?"

"Ni pombe," Mpishi alisema.

"Ningekunywa pipa la hii nikaongoze ibada."

"Ndiyo! Ndiyo maana yake! Ulime siku nzima na mguu wako ubaki wako!"

"Mpishi, mto uko bondeni. Maji tungeyanywa huko bila kupanda mlima."

Walikunywa kwa zamu, walikunywa mpaka chungu kikaonyesha kitako, wakasifu, wakaaga kwa heshima, wakaenda zao na majembe yao makavu. Hakuna jembe lililogusa udongo. Hakuna aliyemtukana. Kama wangemtukana ningewasamehe upesi zaidi. Mpishi alisimama juu ya mteremko wake na kata mkononi.

Mvua zilikuja. Yeye na mkewe walikuwa wamechimba sehemu ya chini tu. Watu wa Bwana Shamba wakapanda, wakachomeka fito, na sehemu yote ya juu ikafungwa isilimwe tena.

Lakini pombe iliendelea kupendwa, na hiki ndicho kitu kilichomchoma. Chungu chake kilikaa kando ya njia. Wanawake waliotoka sokoni Soni, wachukuzi waliopanda na mizigo kutoka Mombo, mafundi, hata mwinjilisti mwenyewe akiwa na kiu, walisimama pale.

"Hodi, tunaomba maji ya Mpishi."

"Hakuna maji hapa. Nenda mtoni."

"Yale yako, mzee wangu."

"Yale yangu ni nini? Yataje!"

Walicheka, wakamwamkia, "Shikamoo, shikamoo, usikasirike," wakanywa kata tatu, wakamwachia mkewe kisamvu au mahindi, wakaenda wamepata nguvu. Wote waliipenda. Hakuna aliyetaka kuiita jina lake. Wakati mwingine nilikaa pale nikawasikiliza na meno yangu yakauma kwa kuyakaza. Mtu anaweza kukunyima kitu huku anakinywa.

Kanisani mambo yalikuwa yale yale kwa njia nyingine. Tangu aseme mbele ya watu kwamba hajaacha pombe, walikuwa wamemtenga asishiriki meza ya Bwana, kwa sababu mzee wa kanisa hapiki pombe. Walimvua uzee, wakampa kiti cha nyuma karibu na mlango. Mwinjilisti, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikwenda kwake kwa upole.

"Mzee, sema tu kwamba si pombe. Mimi nimeionja. Haina dhambi ndani yake."

"Kwa hiyo ukiionja si pombe, nikiipika ni pombe?"

"Sema si pombe, Jumapili urudi mezani."

"Nimwambie Mungu uongo ili nile mkate wake?"

Basi akakaa kiti cha nyuma. Aliimba kwa nguvu kuliko kwaya nzima, na aliimba ovyo, na nadhani alifanya kusudi.

Kesi nayo ilikuja kwa upumbavu. Mpishi alijua amri: kupika pombe kunahitaji kibali cha jumbe. Akaenda kukiomba kama mtu mwema, akiwa na kibuyu cha kuonjesha. Karani wa jumbe akaonja, akacheka. "Mzee, maji hayana kibali." Akamrudisha. Mwezi haukupita, tarishi wa jumbe akapita njiani kwetu, akanywa kata mbili, akasema maji haya ni matamu.

"Si maji. Ni pombe."

Tarishi akaweka kata chini. "Una kibali?"

Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kunyimwa kibali kwa sababu kitu chake si pombe, kisha akakamatwa kwa sababu ni pombe. Mimi sijasoma sana, lakini hata mimi naona.

Barazani tulijaa. Jumbe hakutaka kumfunga. Naye alikuwa amekunywa pale njiani, tulimwona. Lakini siku hiyo karani wa Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, alikuwa amekuja kutoka Lushoto, ameketi pembeni na miguu amekunja, na jumbe alihitaji shauri liishe vizuri. Akamwita baba yangu awe shahidi, kwa kuwa ndiye mwonjaji.

"Ulionja?"

"Nilionja, Jumbe."

"Ni nini?"

Baba alimtazama Mpishi. "Ni maji. Yana gome kidogo. Dawa ya tumbo."

Watu wakaitikia, "Maji! Ni maji!" Mchonga mizinga akapaza sauti nyuma, "Mimi nilikunywa mpaka nikaogopa kuota samaki!" Baraza zima likacheka, na jumbe akacheka, na karani yule akatabasamu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Alichotakiwa ni kutoka.

"Umesikia, Mpishi," jumbe alisema. "Mashahidi wote wamekutetea. Sema na wewe ni maji, uende nyumbani ukale."

Mpishi alisimama. Alikuwa amevaa kanzu yake ya zamani ya kazi, nyeupe, iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba.

"Ni pombe," alisema.

"Mpishi."

"Ni pombe, Jumbe. Nimeipika kwa miwa na kimea na gome. Imechemka kwa povu lake. Ni nyepesi kwa sababu nimetaka iwe nyepesi, na ni chungu kwa sababu nimetaka iwe chungu. Mzungu niliyempikia alikunywa kama hii kila siku na hakuanguka, na ikaitwa bia, na mimi nikafukuzwa kwa kuigusa. Yake ni pombe bila kuanguka. Kwa nini yangu mpaka mtu aanguke?"

Kicheko kilikatika. Karani wa Bwana Shauri alikunjua miguu. Jumbe alimtazama karani, kisha Mpishi, na uso wake ukawa wa mtu anayemwona ng'ombe wake anaelekea genge.

"Kaa chini, mzee," alisema taratibu. "Fikiri. Neno moja tu."

"Hilo hilo moja ndilo ninalokukatalia."

Walimfunga. Alitumikia kifungo Lushoto akivunja mawe ya barabara, mzee yule.

Jioni ya siku hiyo nilimwuliza baba. Ilikuwa vigumu kwangu, lakini niliuliza.

"Baba, kwa nini ulisema ni maji?"

"Nilimwokoa. Akakataa kuokolewa."

"Lakini uliipenda."

"Maji pia nayapenda," baba alisema, akageukia ukuta.

Sijui kumjibu mtu namna ile. Nimewaza sana, na bado hasira yangu inakwenda mahali pawili. Namkasirikia baba na wenzake, waliokuwa na kifua cha kunywa na hawakuwa na kifua cha kutaja. Siku ya ngemo neno lao moja lingemwachia shamba. Na namkasirikia Mpishi pia, ndiyo, kwa kumwacha mkewe alime peke yake kwa ajili ya jina la kitu kilichomo chunguni. Mimi na mama tulikwenda kumsaidia. Nilimwuliza mkewe kama naye hakasiriki.

"Nimekasirika tangu anioe," alisema. "Lakini ungetaka niishi na nani? Na yule anayesema maji?"

Mpishi alirudi amekonda, vidole vimepasuka. Akakamua miwa siku ya pili. Watu wakarudi kwenye chungu, na sasa walikuwa na huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko mzaha. Walinywa nusu kata, wakasema, "Maji mazuri, mzee. Pole na matatizo," wakaenda. Kata ya pili hawakuomba. Kila wiki chungu kilibaki kimejaa zaidi, na kila wiki alikaa kimya zaidi kando yake, na ule ukimya ulinitisha.

Mwaka huu, vuli ilipokwisha, nilipanda kumwona. Alikuwa mlangoni. Kisu kilikuwa karibu naye, butu, na hakukinoa.

"Shikamoo, Mpishi."

"Marahaba." Akachota bila kuniuliza. Akashika mpini, lakini hakutazama koo langu. Alitazama njia.

Nilikunywa. Gome lilinishika tangu mbele ya ulimi mpaka nyuma ya masikio. Mahindi hayakusikika. Utamu ule mdogo wa mwanzo haukuwapo. Ilikuwa kama ile ya kwanza kabisa, ila hii haikukosewa kwa kutojua. Mtu aliitia uchungu kwa mkono wenye hasira, akaongeza, akaongeza tena. Nikaelewa kwa nini watu waliomba nusu kata. Wote waligundua, na hakuna aliyemwambia, kwa kuwa nani humwambia mzee aliyetoka kifungoni kwamba maji yake ni machungu?

"Mazuri?" aliuliza, bado anatazama njia.

Maneno yalikwama kama kawaida. Kisha yakatoka.

"Umezidisha gome."

Akageuka. "Nini?"

"Umezidisha gome, Mpishi. Tangu utoke Lushoto. Na mahindi umeyapunguza, au umeyaunguza. Uchungu umekuja peke yake, hauna mtu wa kusimama naye."

"Nimezidisha!" Alisimama, akanishika begani, na mkono wake ulikuwa bado wa mtu wa kuvunja mawe. "Wewe! Wewe uliyekuwa unalamba kata kama mbwa! Nimezidisha katika nini?"

"Gome."

"Gome nimelisikia! Katika nini? Maji hayawezi kuzidi gome. Mtu hagombani na maji. Nimelizidisha katika nini?"

"Katika pombe," nilisema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Pombe yako ni mbaya!"

Aliniachia. Alinitazama koo, kisha midomo, kama anayetaka kuhakikisha neno lilipita hapo kweli. Halafu akageukia jikoni na kuita kwa sauti ile ya zamani, ya kuni mbichi na visu butu, ambayo sikuwa nimeisikia tangu baraza:

"Wewe! Njoo usikie! Huyu mtoto anasema pombe yangu ni mbaya!"

"Mbaya sana," mkewe alijibu kutoka ndani. "Nilikuwa nangoja mwingine aseme."

Akatutukana wote wawili. Akainua chungu kizima, akakimwaga mbele ya mlango, kuku wakakimbia. Kisha akaokota kile kisu, akakipitisha kwenye kidole, akatema mate kwa hasira na kuanza kutafuta jiwe. Miwa ilikuwa inangoja.